Pengwini wa Afrika au Nyota ya Texas: Nani Apande Ukutani Mwaka Huu?

Kura ya klabu yetu ya kuchagua kiumbe cha mwaka imebaki na majina mawili, na kelele kwenye grupu wiki hii zimekuwa nyingi kuliko taarifa. Upande mmoja yupo pengwini wa Afrika. Upande wa pili kuna uyoga wa Texas na Japani ambao wengi wenu hamkuwahi kuusikia mpaka mwenzetu wa Kidato cha Tatu alipotuma picha yake. Wapo waliouliza kama ni utani. Si utani. Nimewasoma wote wawili, nawaweka hapa kwa vigezo tunavyovijua, na mwisho nitasema kura yangu inakwenda wapi. Ninyi mna za kwenu.

Kwa waliojiunga karibuni: tuna ukuta mmoja wa shule ya msingi hapa Kigamboni, unaotazama barabara wanayopita watu wanaokwenda kuvuka na pantoni. Kila mwaka tunachora kiumbe mmoja, na vipindi vya Jumamosi kwa watoto wa darasa la nne hadi la sita vinamzunguka huyo. Mwaka jana alikaa chura wa Kihansi. Safari hii mlikubaliana wenyewe kwamba atoke nje ya Tanzania. Kwa hiyo hoja ya "huyu si wa kwetu", iliyorudiwa mno, haimwangushi yeyote. Wote ni wageni.

Ni nani hasa

Tuanze na pengwini, na kwanza tumwondolee barafu. Pengwini wa Afrika, Spheniscus demersus, anaishi kwenye visiwa na fukwe za Namibia na Afrika Kusini, juani, kati ya mawe, mchanga na vichaka. Baridi iko majini, si nchi kavu. Mkondo wa Benguela unaopanda na pwani ya magharibi ndio uliomlea, kwa kuwa maji yake baridi yana samaki wadogo wengi: sadini, na wale wa jamii ya dagaa mchele. Huku kwetu hafiki. Bahari yetu ni ya joto na haina kinachomvuta.

Kimo chake ni sentimita 60 hadi 70, anapita goti la mtu mzima kidogo, na uzito ni kilo mbili na kitu hadi tatu na nusu. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, na mstari mweusi unaopinda kifuani na kushuka mbavuni pande zote. Tumbo lina madoa meusi, na madoa hayo hayafanani kati ya ndege mmoja na mwingine, hata watafiti huyatumia kumtambua mmoja mmoja. Juu ya jicho kuna kipande cha ngozi tupu ya waridi ambacho wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kupoza mwili: joto likizidi, damu nyingi hupelekwa pale ipoe, na rangi inakolea. Mtamuona kwenye picha za mchana wa jua kali akiwa na jicho lililozungukwa na waridi nzito, na kwenye picha za asubuhi rangi hiyo imepauka.

Sauti yake ni ya punda. Simaanishi inafanana kidogo. Ukifumba macho utatafuta mkokoteni ulipo. Shajara ya safari ya Vasco da Gama inawataja ndege waliokutwa kwenye ghuba moja ya kusini mwaka 1497, wakubwa kama bata, wasioweza kuruka, wanaolia kama punda. Mwaka uliofuata meli hizo zilikuwa Mombasa na Malindi, kwa hiyo mabaharia wale walimsikia pengwini kabla ya kuisikia lugha yetu.

Sasa uyoga. Jina la kitaalamu ni Chorioactis geaster, na kwenye grupu tumeshazoea kuuita nyota ya Texas, ambalo ni moja ya majina yake ya kule. Jina lake jingine ni sigara ya shetani, na yote mawili yanastahili, ila kwa nyakati tofauti. Unapochomoza kwenye kisiki au mizizi iliyokufa ni kitu cha kahawia iliyoiva karibu na weusi, kimefumba pande zote, kirefu cha sentimita 4 hadi 12, na nje kina vinyweleo laini. Hiyo ndiyo sigara. Ikifika wakati wake inapasuka kuanzia juu, kuta zinajikunja kwa nje na kuacha ncha nne mpaka saba, na ndani panaonekana rangi ya kahawia mpauko. Hiyo ndiyo nyota.

Ni wa kundi la uyoga wa vikombe. Hawa hawana kofia wala shina kama mamama zinazouzwa sokoni. Spora zao, yaani mbegu zilizo ndogo kama vumbi, hukaa ndani ya vifuko vilivyopangwa upande wa ndani wa kikombe, na vifuko hivyo hufyatua. Kwa nyota ya Texas vifuko vingi hukomaa kwa pamoja, kwa hiyo spora hutoka kwa mkupuo: unaona moshi, na wakati mwingine unasikia "ssss" fupi. Ni uyoga wachache mno duniani wanaotoa sauti mtu akaisikia. Nakiri ni kipengele hiki kilichonifanya niache kucheka pendekezo lile na kuanza kulisoma.

Aliyefanywa adimu, na uliokuwa adimu tangu zamani

Hapa naomba msome polepole. Kwenye grupu mmewatia wote kwenye kapu la "viumbe adimu" halafu mkaanza kubishana nani ni adimu zaidi. Si kapu moja.

Pengwini hakuwa adimu. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikadiriwa kufika milioni moja na nusu. Leo jozi zinazotaga hazifiki 10,000. Oktoba 2024 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulimpandisha hadi daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, wa kwanza kati ya aina 18 za pengwini kufika hapo. Na kushuka kwake si fumbo. Kila hatua ina mkono wa mtu na unaweza kuuonyesha kwa kidole.

Mkono wa kwanza ulishika sepetu. Karne ya 19 mashamba ya Ulaya yalitaka mbolea, na mbolea ilikuwa imelala visiwani: kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana kwa karne nyingi hadi kikawa tabaka nene. Mwaka 1844 mamia ya meli yalijazana kwenye kisiwa kidogo cha Ichaboe, pwani ya Namibia, kuchimba na kupakia, na kisiwa kikakwanguliwa mpaka mwamba. Visiwa vingine vikafuata. Tatizo ni kwamba pengwini alikuwa akichimba kiota chake ndani ya tabaka hilohilo. Mle ndani yai lilikaa kivulini na shakwe hakulifikia. Tabaka likaondoka, naye akabaki kutaga peupe. Siku ya jua kali mzazi anashindwa kuvumilia, anainuka kwenda majini kujipoza, na yai au kifaranga kinabaki kinachomeka. Mpaka leo wahifadhi wanawatengenezea viota vya bandia kufidia mbolea iliyokwisha kuliwa na mashamba ya ngano ya watu waliokufa zamani.

Mkono wa pili ulibeba kikapu. Mayai yalikusanywa visiwani na kuuzwa Cape Town kama kitoweo, mwaka baada ya mwaka, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Pengwini hutaga mayai mawili tu kwa mzao mmoja na kuyaatamia kwa zamu, baba na mama, siku 40 hivi. Hana akiba ya kufidia wizi wa namna hiyo.

Wa tatu ni mafuta, na hapa kuna kisa ambacho watoto wakisimuliwa hawatakisahau. Tarehe 23 Juni 2000 meli iitwayo Treasure, iliyobeba mawe ya chuma, ilizama kati ya kisiwa cha Robben na kisiwa cha Dassen, na mafuta yake ya kuendeshea yakavuja kuelekea makazi mawili makubwa ya pengwini. Manyoya yakishika mafuta hayazuii tena maji. Baridi inapenya, ndege anapanda nchi kavu kujiokoa na baridi, na huko anakufa kwa njaa. Pengwini karibu 19,000 waliopakaa mafuta walikusanywa na kuoshwa mmoja mmoja na maelfu ya watu waliojitolea. Mnajua kumuosha kuku mmoja anayegoma. Pengwini ana mdomo unaokata.

Lakini wapo wengine, zaidi ya 19,000, ambao mafuta hayakuwa yamewafikia. Kuwaacha ni kuwaua, kuwafungia wote haiwezekani. Wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa Port Elizabeth, mamia ya kilomita mashariki, na wakaachiwa baharini. Wahifadhi walijua pengwini hurudi nyumbani, na walijua pia safari hiyo ya kuogelea itachukua muda wa kutosha mafuta kusafishwa. Watatu walifungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina, Peter, Pamela na Percy, na watu wakafuatilia safari yao siku hadi siku. Walirudi. Na idadi kubwa sana ya wale waliooshwa walipona pia, jambo ambalo kwa ndege wenye mafuta ni nadra.

Wa nne ndiyo wa leo, nao ni njaa. Samaki anaowategemea wamehama kwa sehemu kuelekea mashariki, na waliobaki anagombania na meli za nyavu za kuzungushia, ndugu wakubwa wa ringi neti tunazozijua. Kuna kipindi njaa hiyo inaua kuliko kingine chochote. Kila mwaka pengwini hunyonyoka manyoya yote kwa pamoja, na kwa wiki tatu hivi hawezi kuingia majini kwa sababu hana cha kuzuia baridi. Wiki tatu hali kitu. Anatakiwa awe amenenepa kabla ya kuanza, na akimaliza apate chakula haraka karibu na nyumbani. Akianza akiwa mwembamba, hafiki mwisho. Mashirika mawili ya uhifadhi ya Afrika Kusini yalilipeleka suala hili mahakamani, na Machi 2025 wakafikia makubaliano na wavuvi, yakawa amri ya mahakama: maeneo ya bahari kuzunguka makazi sita muhimu yafungwe kwa meli za sadini na dagaa kwa miaka kumi.

Na kama hayo hayatoshi, Septemba 2021 pengwini 63 walikutwa wamekufa karibu na Simon's Town, wameumwa na nyuki. Bahati mbaya tupu, lakini jamii ikishapungua, hata bahati mbaya inakuwa na uzito.

Sasa geukieni uyoga. Uliokotwa mara ya kwanza kwa ajili ya sayansi mwaka 1893, Austin, Texas. Mwaka 1937 ukaripotiwa Kyushu, kusini mwa Japani. Haukuripotiwa tena nchini humo mpaka 1973, halafu mwaka 2006 ukaonekana mkoa wa Nara. Kusini mwa Marekani, hasa Texas, na Japani: basi. Kati ya sehemu hizo mbili kuna bahari ya Pasifiki na kama kilomita 11,000. Texas unaota kwenye visiki na mizizi iliyokufa ya mti uitwao Ulmus crassifolia, Japani kwenye mialoni iliyokufa.

Mtu wa kawaida atasema kuna meli iliyoubeba kutoka huku kwenda kule. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya pande zote mbili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba jamii hizo mbili zimeachana kwa angalau miaka milioni 19. Hakuna meli hapo, wala mtu. Uyoga huu ulishakuwa na nchi mbili zilizo mbali hivyo kabla hatujakuwepo wa kuuita adimu. Kwa nini umebaki hapo tu na si penginepo, hilo bado halina jibu.

Haimaanishi uko salama. Japani umo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na miji ya Texas inapanuka juu ya ardhi ambayo visiki vyake ndiyo nyumba yake. Lakini hadithi yake haianzi na milioni na nusu ikaishia jozi zisizofika elfu kumi. Ulikuwa mchache jana, juzi, na kabla ya juzi.

Chura wetu wa Kihansi alikuwa vyote viwili, ndiyo maana alitusumbua kumfundisha mwaka jana. Kuzaliwa kwake ni adimu: bonde moja, manyunyu ya maporomoko mamoja. Aligunduliwa mwaka 1996, maji yakaelekezwa kwenye bwawa la umeme, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Watoto walikuwa wanauliza, "Kwani alikuwa mmoja tu?" Hawakuweza kutenganisha udogo wa nyumba yake na pigo alilopigwa. Mwaka huu tuna nafasi ya kufundisha kimoja kwa usafi, na kura yenu ndiyo itaamua kipi.

Mtoto wa darasa la nne atashika nini

Kwa pengwini, somo linaanzia kwenye sahani. Watoto wetu wanakula dagaa. Wengi wana baba, mjomba au jirani anayeshinda Feri, soko la samaki, na wanajua kuna majuma boti zinarudi tupu na bei inapanda. Ukiwaambia kuna ndege kusini anayekula samaki wa ukoo huo na ambaye bei ikipanda hana duka la kukopa, hutahitaji kueleza zaidi. Mafuta nayo hawahitaji kuyafikiria: meli zinazopakua mafuta Mjimwema wanaziona kutoka ufukweni. Swali la "ikizama je?" litatoka kwao wenyewe, na ni swali zuri kwa mtoto wa Kigamboni kuuliza.

Udhaifu wa pengwini ni kwamba ameshapendwa. Yumo kwenye mabegi ya shule, kwenye katuni, kwenye vikombe vya chai. Mtoto anadhani anamjua, na anachokijua ni barafu. Kipindi cha kwanza chote kitakwenda kwenye kufuta, na kufuta ni kazi ngumu kuliko kuandika.

Kwa uyoga hakuna cha kufuta. Hapo ndipo upande wa pili una hoja yake bora, na sikuiona ikisemwa vizuri kwenye grupu, kwa hiyo naisema mimi. Pengwini wote 18 wamechunguzwa na kila mmoja ana daraja lake kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopima hatari ya kutoweka. Fangasi waliokwisha kupewa majina ni kama 155,000, na wataalamu wanaamini waliobaki bila majina ni wengi mara kadhaa; lakini idadi ya waliomo kwenye orodha hiyo ndiyo kwanza ilivuka 1,000 mwezi Machi 2025. Yaani kwenye uhifadhi kuna ukoo mzima wa viumbe ambao wanaweza kupotea bila mtu kuandika barua ya msiba. Kumpa mmoja wao ukuta ni kusema jambo ambalo pengwini hawezi kulisema kwa niaba yao.

Isitoshe, uyoga unaweza kufundishwa kwa miguu. Misitu ya joto ya Afrika ina uyoga wa vikombe wa jenasi Cookeina, vikombe vidogo vya rangi ya chungwa au waridi vinavyoota kwenye vijiti vilivyoanguka. Mkiwapeleka watoto msitu wa Pugu baada ya mvua na wakainama vya kutosha, wana nafasi ya kukuta kikombe cha kushika kwa macho. Kwa macho tu. Sheria ya klabu kuhusu uyoga wa porini na mdomo mnaijua. Pengwini hata tukichanga mwaka mzima hatutawapeleka kumuona.

Ila uyoga ukimuuliza mtoto afanye nini, jibu lake ni moja: acha kisiki, acha gogo lioze. Mwambie hivyo mtoto ambaye mama yake anapikia mkaa wa sado, na gogo lililolala uani kwao halimalizi siku mbili bila kuwa kuni. Sisemi somo hilo ni baya. Nasema ni gumu kwa umri huo, na anayelisimamia ajiandae kwa maswali ya nyumbani, si ya msituni.

Ukuta, rangi na fundi

Hili ni fupi. Fundi wetu ni wa mtindo wa Tingatinga, aliyejifunzia pale Morogoro Stores, na anatumia rangi ya mafuta kama kawaida yao. Nilimwonyesha picha zote. Pengwini alimpenda papo hapo: nyeusi, nyeupe, waridi kidogo juu ya jicho, na anaonekana tangu bajaji iko kwenye kona. Akaniuliza madoa ya tumboni ayaweke kwa mpango gani, nikamwambia kila mmoja na yake, akafurahi zaidi.

Uyoga aliutazama kwa muda. Akasema, "Mlezi, ukiwa karibu ni mzuri. Ukiwa barabarani ni ganda la ndizi."

Hajakosea sana. Anaweza kuukuza ukajaa ukuta mzima, na manyunyu ya moshi wa spora anaweza kuyafanya yapendeze, lakini kahawia juu ya ukuta wetu wenye vumbi la barabara itahitaji mandhari ya rangi kali nyuma yake. Hiyo ni ndoo za ziada, na mweka hazina ameshanitazama kwa jicho ambalo nyote mnalijua.

Habari za kuandalia vipindi

Pengwini ana kila kitu: picha za kila umri, sauti, ramani, ripoti za kila mwaka, na shirika la SANCCOB la Afrika Kusini ambalo tangu 1968 linaokoa ndege wa baharini. Hata Boulders, ufukwe wa Simon's Town ambako jozi mbili zilihamia mwaka 1982 na kuzaa koloni la kutalii, kuna video za kutosha kujaza muhula. Uyoga una makala chache za kitaalamu, picha nzuri za wapenzi wa Texas, na azimio la bunge la jimbo hilo lililoufanya kuwa uyoga rasmi wa jimbo mwaka 2021. Kwa kipindi kimoja zinatosha. Kwa vipindi vya miezi, atakayeandaa atatoka jasho.

Kura yangu

Nampa pengwini.

Kama klabu ingekuwa ya sekondari watupu, ningepigia uyoga bila kusita, kwa hoja ile ya ukoo uliosahaulika na kwa ajili ya Pugu. Lakini ukuta ni wa watoto wa miaka tisa na kumi, na nataka waelewe kwanza kwamba kiumbe aliyejaa anaweza kuishia kuhesabika, na kwamba kila hatua ya kuporomoka kwake ilikuwa kazi ya watu waliokuwa na sababu zao: mbolea, mayai, mafuta, samaki. Kwa pengwini naweza kuwaonyesha hatua hizo moja moja, pamoja na malori ya mwaka 2000 na amri ya mahakama ya 2025, kwamba watu haohao wakiamua wanaweza kurudisha mkono nyuma. Uyoga adimu utawashangaza, na mshangao ni mwanzo mzuri, ila hautawapa mtu wa kumuuliza "kwa nini mlifanya hivi?"

Mwenzetu wa Kidato cha Tatu ameniambia hoja yangu ni ya kibinadamu mno, kwamba nataka kiumbe kinachotuhusu sisi. Anaweza kuwa sawa. Aiseme Jumamosi mbele ya wenzake. Dakika tano ni zake.

Tunapiga kura saa nne kamili, karatasi za kukunja, si kunyoosha mikono, maana mwaka jana wadogo walikuwa wanatazama kaka zao kwanza. Fundi anataka malipo ya awali Jumatatu. Akishinda pengwini, mchoro una mawe, mchanga na jua, na atakayemletea fundi picha yenye barafu atalipia rangi ya kuifuta. Ukishinda uyoga, ichorwe sigara na nyota pamoja, zikiwa zimesimama kwenye kisiki kimoja, la sivyo hakuna mtoto atakayekubali kwamba ni kitu kimoja. Na waliokipigia kura kiumbe kitakachoshinda wapange zamu ya kukaa pale ukutani wiki ya kwanza, kwa sababu bodaboda wa kijiwe cha jirani watauliza, na mimi sitakuwepo kuwajibu.